Masta ya tiata ukiwa Dar: usianzie kwenye fomu

Kila msimu wa maombi ukifika lazima nipate meseji, dada nataka kusoma masta ya sanaa za maonyesho, chuo gani kizuri? Na mi huwa najibu kwa swali, umeona nini? Mtu anashangaa, anadhani nimemtukana. Ila ndo ukweli, chuo kinakuja baadae, kwanza uwe umeona kitu kinachokunyima usingizi.

Maana huku juu sio kuigiza kwa mwaka mwingine. Digrii ya kwanza walishakufundisha kuigiza, kuongoza, skripti, taa, maleba (mavazi ya jukwaani). Masta wanataka uje na swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri, na ulijibu wewe, iwe kwa diseteshini (tasnifu) tupu au kwa onyesho ulilotengeneza na maandishi ya kuelezea ulichogundua ukiwa unalitengeneza.

Sasa shida wengi tunakuja na topiki kama "Nafasi ya sanaa za maonyesho katika kuelimisha jamii". Hiyo ni sawa na kumwambia konda unashuka Dar. Nakupa mfano. Nenda pale Karume, Ilala, kwenye mitumba, simama pembeni na daftari nusu saa tu. Muuzaji kapanda juu ya meza, anaimba bei, anamtania mama mmoja, mara anavaa sketi ya kike juu ya jinzi yake watu wanakufa mbavu, na katikati ya kicheko hicho hicho noti zinaanza kutoka. Tayari una jukwaa, una mhusika, una maleba, una hadhira. Swali lako linaweza kuwa, ni wakati gani mtazamaji anageuka mnunuzi, na muuzaji anafanya nini kwa mwili na sauti yake dakika hiyo? Msimamizi akisoma hilo anajua kabisa Jumatatu asubuhi utakuwa wapi unafanya nini. Kwa topiki ile ya kuelimisha jamii hata wewe mwenyewe hujui utakuwa wapi.

Hivyo hivyo kwa MC wa sendofu, kwa kigodoro cha Mbagala, kwa vichekesho vya kwenye simu. Ila mambo ya unyago yaliyo ya ndani usiyaguse kama wenyewe hawajakukaribisha, tena usiende kuyachungulia kwa jina la utafiti.

Ukishapata swali ndo uangalie mlango. Hapa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, milango iko miwili na watu wanaichanganya sana. Kama kinachokuvuta ni tamthilia iliyoandikwa, lugha yake, wahusika wake, nenda TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na raha yake ni kwamba kule kazi yako unaiandika kwa Kiswahili. Kama kinachokuvuta ni onyesho lenyewe, miili, sauti, watazamaji, basi kwenu ni Idara ya Sanaa Bunifu, na jiandae kuandika Kiingereza. Chukua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Maji Maji, ilitoka 1969, inasomeka kote kuwili, lakini upande mmoja watakuuliza maji yale yana maana gani na upande wa pili watakuuliza maji yale jukwaani unayaonyeshaje. Ukiona swali la pili ndo linakuchangamsha, umeshajijua. Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa TaSUBa, ni astashahada na stashahada, masta hakuna, kule nenda kwa ajili ya wazee wa ngoma na tamasha lao, utaokota zaidi ya ulichofuata.

Kabla hujaandika propozali kaa siku mbili tatu maktaba ya Mlimani, kitengo cha East Africana, uliza tasnifu za zamani za sanaa za maonyesho. Huruhusiwi kuondoka nazo, unasoma hapo hapo, kwa hiyo daftari lazima. Na ujanja ambao hakuna mtu aliniambia, anza na sura ya mwisho, kuna sehemu mwandishi anapendekeza utafiti zaidi, yaani anakutajia kabisa mashimo aliyoyaacha. Soma pia kuhusu kazi ya tiata ya Malya, kule Kwimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 80. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Mlimani walikaa na wanakijiji juu ya mabinti kupata mimba, wanakijiji wenyewe wakalichambua tatizo, wakalitengenezea ngoma na maigizo, wakaonyesha, kisha wakajadili mbele ya wakubwa wa kijiji. Mchezo haukushushwa na lori kutoka Dar. Mi kazi hiyo ndo ilinifungua macho kwamba mlolongo mzima kabla na baada ya onyesho ndo utafiti, onyesho lenyewe ni kipande tu.

Kwa wa nje ya nchi nitapita haraka. Uingereza masta nyingi ni mwaka mmoja, unakimbizwa, ukifika bila swali unarudi bila swali. Afrika Kusini angalia vizuri, digrii yetu ya miaka 3 mara nyingi wanataka upitie mwaka wa honazi kwanza ndo uingie masta. Ujerumani kuna ufadhili wa DAAD, na kwa taarifa yako Ebrahim Hussein mwenyewe PhD yake aliifanyia Berlin. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uwe na masaa 2,800 ya kazi, na kazi ya kujitolea inahesabika, kwa hiyo kile kikundi chako cha maigizo ya afya mnachozunguka nacho mashuleni kinaweza kukubeba, ila omba barua sasa hivi, yenye tarehe na masaa, usisubiri mwenyekiti wa kikundi ahame mji. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka 2. Na cheti cha nje ukirudi nacho unakipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wakitambue, usikae nacho kabatini mpaka siku ya intavyuu.

Haya, fildi. Barua ya chuo peke yake haitoshi. Inakupeleka kwa Katibu Tawala wa mkoa, unashuka wilaya, kata, mpaka serikali ya mtaa, na kila ofisi inataka nakala yake na muhuri wake, kwa hiyo toa kopi nyingi na weka wiki kadhaa kwenye ratiba kwa ajili ya mabenchi tu. Nilijua ukiwa na barua ya juu huku chini wanakupisha, wapi, mwenyekiti wa mtaa alinikalisha asubuhi nzima, na baadae ndo akawa mtu wangu, ndo aliyenionyesha wapi nisimame. Kama unaandaa onyesho lako la hadhara, ongea mapema na afisa utamaduni wa wilaya na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kuhusu kibali.

Kurekodi sasa, hapa nilipigwa. Onyesho la kwanza nililifuata uswahilini usiku, simu mkononi, nikarudi nyumbani kwa furaha zote, kuja kusikiliza, masaa mawili ya jenereta. Nilikuwa nimesimama nalo mgongo kwa mgongo. Watu wanacheka kwenye picha na mi sijui wanacheka nini. Tangu hapo nafanya hivi, sauti naichukua na kifaa chake pembeni karibu na waigizaji, video naelekeza simu moja jukwaani na nyingine kwa watazamaji (watu wanasahau hadhira, wakati nusu ya majibu yako iko kwenye nyuso zao), na usiku ule ule hata kama umechoka vipi unaandika ulichokiona, harufu, nani alikaa wapi, mvua ilianza saa ngapi. Kesho yake kumbukumbu inaanza kudanganya.

Ruhusa omba kabla, mdomoni na kwa maandishi, na mtu akisema nifute, futa mbele yake. Na kamwe usiweke kipande kwenye status. Binti aliyekata mauno mtaani kwao hakukubali kutazamwa na wajomba zake wa Tanga.

Tafsiri za mahojiano fanya kidogo kidogo kila wiki, zikirundikana zinaua mtu. Kwenye kutetea tasnifu watataka kuona kipande cha onyesho, chagua dakika 3 tu, zile unazozichambua kwenye sura yako kuu, weka kwenye flashi mbili, na beba spika yako mwenyewe.