Tiketi ya kuja Kigoma kwa bonasi ya kadi: anza na njia, kadi itafuata

Ninakata tiketi za ndege hapa Mwanga, Kigoma mjini. Wengi wa wateja wangu ni wazazi wenye watoto Marekani: wapo waliotoka hapa kwenda kusoma wakabaki, na wapo Wakongo na Warundi waliokulia kambini Nyarugusu wakahamishiwa huko na familia zao. Kila likizo ya shule za huko ikikaribia, swali ni lile lile: watu wanne kuja nyumbani na kurudi ni kiasi gani? Nikitaja hesabu, safari inaahirishwa mwaka mwingine, na bibi anaendelea kuwaona wajukuu kwenye kioo cha simu.

Hili linaniuma, maana wengi wa watoto hao wana njia ya kupunguza nauli hiyo kwa kiasi kikubwa, nayo ni bonasi wanayotoa benki za Marekani kwa anayefungua kadi mpya ya mkopo. Nawaandikia ninyi mlioko huko, na ninyi wazazi mtakaowatumia ujumbe huu.

Kwanza mjue fedha hiyo inatoka wapi, ili msidhani ni utapeli. Ukilipa dukani kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei yote. Benki iliyotoa kadi inabaki na sehemu yake. Marekani sehemu hiyo ni karibu asilimia 2, na bado kuna riba za wanaochelewesha madeni. Ndiyo maana benki ziko tayari kukununua kwa pointi 60,000 au zaidi, ambazo unaweza kuzibadilisha kuwa tiketi ya ndege. Umoja wa Ulaya uliyafunga makato hayo kwenye asilimia 0.3 mwaka 2015, kwa hiyo ndugu zetu wa Ubelgiji na Ufaransa hawaoni ofa nono za aina hii. Na huku kwetu kadi nyingi ni za kutumia fedha iliyomo kwenye akaunti yako, hivyo msinihangaishe kutafuta bonasi hiyo kwenye matawi ya Kigoma.

Sasa njia. Watu wengi huanza na kadi waliyoiona kwenye tangazo, wakishapata pointi ndipo wanauliza zinafika wapi. Geuza. Hakuna ndege ya kutoka Marekani inayotua Kigoma. Utafika Dar es Salaam, kisha utapanda ya ndani. Basi jiulize ni mashirika gani yanakufikisha Dar kutoka mji unaoishi. Ethiopian wanaondoka Washington, Newark, Chicago na Atlanta, unabadilishia Addis Ababa. KLM wanapita Amsterdam, Qatar Airways wanapita Doha, Turkish wanapita Istanbul. Ethiopian na Turkish wamo kwenye muungano wa Star Alliance, maana yake viti vyao vinaweza kukatwa kwa maili (ndizo pointi za shirika la ndege) za United au kwa pointi za Aeroplan ya Air Canada. Viti vya KLM vinakatwa kwa maili za Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France.

Ukishajua hilo, kadi inajichagua. Usikimbilie kadi yenye jina la shirika moja la ndege. Chukua kadi ya benki ambayo pointi zake zinahamishika kwenda mashirika mengi: Chase, American Express, Citi na Capital One wote wana pointi za namna hiyo. Zote nne zinakubali kuhamia Flying Blue. Kwenda Aeroplan, Chase, American Express na Capital One zinakubali. Kwa mtu wa kuja Kigoma mimi naipenda sana Aeroplan, kwa sababu haikutozi ile tozo ya ziada ya mafuta ambayo mashirika mengine huiongeza juu ya kodi za viwanja. Flying Blue huitoza, lakini ina faida yake kwa wenye watoto: mtoto wa miaka 2 hadi 11 anapunguziwa maili kwa robo. Mwenye watoto watatu apige hesabu zote mbili.

Mama mmoja wa Katubuka alinijia na picha ya ofa aliyotumiwa na binti yake kwenye WhatsApp, akitaka nimwambie kama ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Tuliisoma mstari kwa mstari pale mezani, nanyi someni za kwenu hivyo hivyo. Juu, kwa herufi kubwa: pointi 60,000. Chini yake: ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Chini kabisa, kwa maandishi yanayohitaji miwani, mambo ambayo ndiyo yanayowakosesha watu bonasi. Miezi mitatu inahesabiwa tangu akaunti ilipofunguliwa, wakati kadi yenyewe bado iko posta. Ada ya mwaka, dola 95, haihesabiki ndani ya zile 4,000. Ukirudisha bidhaa dukani, kiasi chake kinaondolewa. Fedha taslimu uliyotoa kwa kadi haihesabiki, wala deni ulilohamisha kutoka kadi nyingine. Na yeyote aliyewahi kupata bonasi ya kadi hiyo huenda asipewe tena.

Hilo la fedha taslimu ndilo nataka tukae nalo, maana linatugusa sisi kuliko watu wengine. Mnatuma fedha nyumbani kila mwezi, na programu za kutuma fedha zinakubali kadi ya mkopo. Mtu anafikiri: natuma dola 300 kwa mama, natimiza na lengo la bonasi, nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Sivyo. Benki nyingi huko zinaichukulia fedha hiyo kama taslimu uliyotoa mwenyewe. Unatozwa ada papo hapo, mara nyingi asilimia 5, riba inaanza siku hiyo hiyo bila kusubiri mwisho wa mwezi, na lengo la bonasi halisogei hata dola moja. Fedha ya mama itume kutoka akaunti ya kawaida ya benki. Kadi mpya iache ifanye kazi ya maduka.

Basi chukua karatasi, andika mnatumia nini kwa mwezi ambacho kinaweza kupita kwenye kadi: chakula, mafuta ya gari, bima ya gari, simu, intaneti, nepi, nguo za shule. Kodi ya nyumba iache nje, kwa sababu wenye nyumba wengi hawapokei kadi, na wanaopokea huongeza makato. Ikija dola 1,400, kwa miezi mitatu ni 4,200. Umevuka lengo bila kununua kitu kipya. Ikija dola 700, subiri. Subiri mwezi wa kulipia bima ya mwaka mzima, au matairi mapya, au ada ya chuo kama chuo hakiongezi makato. Kufungua kadi kisha kutafuta cha kununua ni kuilipia tiketi mara mbili. Na kadi za zawadi za madukani msizitumie kujaza pengo. American Express imeandika wazi kwamba hazihesabiki.

Deni lilipwe lote kila mwezi. Lote, siyo kile kiasi cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa. Riba za kadi Marekani miaka hii zimepita asilimia 20 kwa mwaka. Chukua asilimia 24: deni la dola 4,000 linazaa dola 80 kwa mwezi. Pointi 60,000 ukizibadilisha kuwa fedha kwa senti moja kila pointi ni dola 600. Ndani ya miezi minane riba imeshaila bonasi yote, na nauli bado hujapata. Kama sasa hivi una deni la kadi linalotembea kila mwezi, maliza hilo kwanza. Haya mengine yatakusubiri, ofa haziishi. Weka malipo yajilipe yenyewe kutoka akaunti ya benki, hasa wenye zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, ambao tarehe zinawapita wakiwa wamelala.

Wageni walioingia Marekani karibuni wasiombe kadi hizi kubwa. Watakataliwa, na ombi lenyewe linabaki kwenye rekodi zao miaka miwili. Anza na kadi ya dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200, unanunulia vitu vidogo, unalipa yote, unaacha rekodi ijijenge. Malipo ya kila mwezi kwa wakati ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye alama zako za ukopaji, zile benki wanazotazama kabla ya kukupa kadi: asilimia 35 kwa hesabu za FICO, kampuni inayopima alama hizo. Baada ya mwaka hivi wa utulivu, omba. Waliosafirishwa kwa mkopo wa nauli wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, nao waulipe bila kuruka mwezi. Hauna riba, lakini ni deni kama deni lingine.

Mume na mke ndiyo wanaofaidi zaidi. Mmoja anafungua kwanza, anatimiza lengo, kisha anamwalika mwenzake kwa kiungo chake cha mwaliko; mwalikaji anaongezewa pointi na mwalikwa anapata bonasi yake kamili. Mfanye kwa zamu, ili matumizi ya nyumba yatoshe kila kadi. Usimwongeze mwenzako kwenye kadi yako kama mtumiaji wa pili bila sababu, kwa sababu kwa Chase kadi hiyo itahesabiwa na kwake, na Chase kwa kawaida wanamkataa aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24.

Pointi zikishaingia, zikae benki. Usizihamishe kwenda kwenye shirika la ndege mpaka umekiona kiti kwa macho yako, tarehe unayotaka, kwa idadi ya watu wenu. Ukishahamisha hazirudi. Viti vya pointi ni vichache kuliko vya fedha, na familia ya watano kupata vyote ndege moja Desemba ni kazi. Tafuteni mapema sana, au mkubali baba atangulie na wawili, mama afuate siku inayofuata. Kama shule inaruhusu, Septemba na Februari ni rahisi zaidi.

Angalieni majina. Akaunti ya maili iandikwe kama pasipoti ilivyo. Nasema hivi kwa sababu ndugu wengi waliopitia kambini wana majina yaliyogeuzwa kwenye makaratasi, la ukoo likawa la kwanza, na tarehe ya kuzaliwa ikawa 1 Januari. Ukisharekebisha mahali pamoja, rekebisha kote kabla ya kukata tiketi. Na aliyeingia kama mkimbizi, ambaye hajawa raia wa Marekani, asiguse pointi zake kabla hati ya kusafiria ya wakimbizi haijawa mkononi, maana bila hiyo kurudi Marekani kunaweza kuwa tatizo. Mwenye pasipoti ya Marekani aweke pembeni dola 100 za visa ya Tanzania.

Mnaweza pia kumkatia mtu mwingine. Pointi zako zinaweza kumleta mama yako kutoka Dar hadi mlangoni kwako, kwa jina lake, bila yeye kuwa na kadi yoyote. Visa yake ikitoka, ndipo mnatafuta kiti.

Kipande cha Dar hadi Kigoma lipeni kwa fedha, na msikiweke mwisho wa mipango. Ndege za kuja huku ni chache kwa wiki na zinajaa. Kateni mara tu ya kimataifa inapothibitika, na acheni usiku mmoja katikati: za kimataifa zinatua Jengo la Tatu, za ndani zinaondokea la Pili, na ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwangojei kwa sababu ni tiketi tofauti. Mizigo nayo. Mnatoka Marekani na mabegi mawili kila mtu, kisha ndege ya ndani inaruhusu pungufu ya hapo, na uzito wa ziada mnaulipia kaunta mkiwa hamna la kufanya. Ninyi wenye zawadi za ukoo mzima, begi la pili lipelekeni Kituo cha Magufuli kule Mbezi lipande basi la Kigoma, au mwachieni ndugu wa Dar alipakie kwenye treni. Litawakuta.

Mkisharudi Marekani, angalieni kalenda. Mwaka ukitimia tangu kadi ifunguliwe, wakati wa ada ya mwaka wa pili, ipigie benki uulize kama wanaweza kukubadilishia iwe kadi isiyo na ada. Mara nyingi wanakubali, akaunti inabaki na umri wake, nayo inasaidia alama zako. Kama hawana na umeamua kuifunga, hamisha au tumia kwanza kila pointi iliyobaki, kwa sababu kwenye benki nyingi akaunti ikifungwa, zilizobaki zinapotea nayo.