Tazama Mdomo Kwanza: Kuchagua na Kulisha Samaki wa Tangi Dogo

Mtu akiniuliza aanze na samaki gani katika tangi lake la kwanza, humwambia aende akasimame mbele ya vioo vya muuzaji, asahau rangi kwa muda, atazame midomo. Mdomo uliopinda kuelekea juu, kama wa gapi, ni wa kuokota vinavyoelea. Mdomo ulionyooka mbele, kama wa neoni, hudaka chakula kikiwa kinashuka. Mdomo uliojificha chini ya kichwa na kuzungukwa na sharubu, kama wa koridora, hutafuta kilichokwisha kutua mchangani. Ukishausoma mdomo umejua mambo mawili kwa mkupuo: samaki huyu atashinda ghorofa gani ya tangi, na chakula chake kinapaswa kumfikia wapi. Tena kila unachowalisha hurudi majini kama uchafu, kwa hiyo hata idadi ya samaki mwishowe huamuliwa na chakula.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Ukizidisha unapata karibu lita 65, lakini ukiondoa mchanga, mawe, mizizi na ile nafasi inayoachwa juu, maji yenyewe hayafiki 55. Hesabu samaki kwa maji yaliyomo, si kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Humo wamo neoni kumi, koridora panda sita, na gurami wa asali mmoja anayejiona ndiye mwenye nyumba. Wametosha. Wageni huniambia pana nafasi ya kuongeza, nami huwajibu kwamba nafasi wanayoiona ni ya kuogelea.

Usinunue tangi dogo zaidi ya hilo kwa kudhani litakuwa rahisi. Maji machache huharibika upesi: chakula kile kile kilichobaki kikioza katika lita 20 ni balaa, katika lita 60 bado una muda wa kukirekebisha. Ila kumbuka lita moja ni kilo moja, na kuna kioo na mchanga juu yake, kwa hiyo meza ya kuliweka iwe imara kweli.

Tangi tupu nalo hula

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia mashavu, na chakula kinachooza hutoa amonia hiyohiyo. Inaunguza mashavu yao. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji la kichujio, juu ya mchanga na mawe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka, nao wanahitaji kula.

Kwa hiyo mlo wa kwanza kabisa unatiwa katika tangi lisilo na samaki. Washa kichujio na hita, maji yafike nyuzi 25 hivi, kisha kila siku nyunyiza chakula kidogo cha samaki ukiache kioze. Pima kwa vipimo vya matone. Vile vya karatasi ni vya haraka lakini huniacha na mashaka. Amonia itapanda. Baadaye itashuka na nitriti ipande. Halafu nitriti nayo itaanguka na nitrati itokee. Amonia na nitriti zikisoma 0 siku kadhaa mfululizo, ilhali bado unanyunyiza chakula, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji au zaidi, ndipo uende kununua samaki.

Njia ya mkato ninayoiamini ni kuomba kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio cha mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, na kukihamisha kikiwa kimelowa. Chupa za bakteria siziapii; ukizitumia, endelea kupima vilevile.

Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hawa na kuwadhuru samaki. Tia dawa ya kuondoa klorini kila unapoongeza maji. Maji yakiachwa wazi kwenye ndoo siku nzima, klorini hupotea, lakini mahali pengine hutiwa kloramini, nayo haiondoki kwa kusubiri.

Wa kuingia na wa kuachwa dukani

Anza na maji uliyo nayo, usianze na samaki unayemtaka. Birika likijaa utando mgumu mweupe ndani, maji yako ni magumu, na gapi, plati na moli watayafurahia, ingawa moli hukua na wanataka tangi kubwa kuliko langu. Maji yakiwa laini, hapo ndipo pa neoni na wenzao kutoka mito ya Amazoni. Danio milia ni mvumilivu wa maji ya namna nyingi na ni mzuri kwa anayeanza, ila hatulii hata dakika moja. Mpe tangi refu badala ya lenye kina. Kujaribu kubadilisha tabia ya maji kwa dawa ili kumridhisha samaki mmoja ni kazi isiyoisha.

Nunua aina chache, kila moja kwa kundi. Neoni na koridora wawe sita au zaidi. Ukichukua wawili wa aina hii na wawili wa aina ile ili tangi lipendeze, utapata samaki wengi wenye hofu, wanaojibanza nyuma ya kichujio na kutoka kula wakati wengine wamekwisha maliza. Kundi likikamilika utaona tofauti kwenye mlo wenyewe: mmoja akithubutu, wote hufuata.

Wa kuachwa dukani ni wengi, nitawataja wanaonunuliwa mara kwa mara kwa huruma au kwa bei. Samaki wa dhahabu: hukua mkubwa, huchafua sana, na hapendi joto la hita. Pleko wa kawaida, yule anayebandika mdomo kwenye kioo, huuzwa akiwa na urefu wa kidole na kuweza kupita sentimita 30. Samaki malaika ni mpole mpaka mdomo wake utoshe kummeza neoni. Babu milia hukatakata mapezi ya wenzake, hasa yakiwa marefu. Beta dume anaweza kumwona gapi mwenye mkia mpana kuwa ni mpinzani wake. Mpe tangi lake.

Gapi wakikuvutia, chukua madume matupu. Jike huweza kutunza mbegu za dume kwa miezi na kuzaa tena na tena hata akiwa peke yake, takriban kila mwezi, na vifaranga nao wanahitaji chakula, chakula hicho kinaleta amonia, na hesabu yote uliyoifanya inavunjika.

Usiwaingize wote siku moja. Bakteria uliowalea wana uwezo wa kubeba mzigo unaolingana na chakula ulichokuwa ukiwapa, si zaidi. Anza na kundi moja, lisha kidogo, pima, subiri wiki moja au mbili, kisha leta kundi la pili. Mimi huanza na koridora ili waijue sakafu yao mapema, na yule wa juu mwenye kupenda kutawala humweka mwisho, akute wengine wamekwisha kujigawia pembe. Mfuko uelee juu ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane, ongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo, kisha hamisha samaki kwa wavu. Maji ya dukani mwaga nje. Ukiwa na kitangi cha pembeni, watenge wageni wiki 2 hadi 4 kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini huonekana katika muda huo, na ni nafuu uonekane huko.

Mkono wa kulisha

Sasa kwenye jambo ambalo huharibu matangi mengi kuliko ugonjwa wowote. Samaki huja mbele ya kioo kila akuonapo. Hiyo haimaanishi ana njaa. Amejifunza kwamba wewe ndiwe chakula, na atakuja hata dakika tano baada ya kula.

Kipimo changu kwa samaki wadogo ni hiki: mlo mmoja wa samaki mmoja usizidi ukubwa wa jicho lake. Tazama jicho la neoni, halafu tazama unachoshika kwa vidole. Kwa kundi la neoni kumi, kinachotosha ni kidogo mno, kiasi kwamba watu hudhani natania. Natia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kila mara kiwe kimeisha ndani ya dakika mbili. Kikibaki kinaelea au kinazungushwa na kichujio, nilizidisha, na mlo unaofuata unapungua au unafutwa. Siku moja katika wiki siwapi kitu. Hawadhuriki, katika mazingira yao ya asili hawana ratiba.

Chakula cha vipande vyembamba usikitie kama kilivyo. Kisage kati ya vidole mpaka kipande kiingie mdomo wa samaki mdogo kuliko wote. Kwa neoni hicho ni karibu unga. Kipande kikubwa hunyakuliwa na mmoja, akakimbia nacho, akakitema, kikazama. Kwanza nanyunyiza kidogo upande ambao gurami hupenda kukaa, na akishajishughulisha nacho, natia cha neoni upande wa pili, nikikizamisha kidogo kwa kidole kilowe na kushuka polepole. Ni hila ndogo, lakini bila hiyo gurami angekula mara tatu na neoni wa pembeni angelala na njaa.

Wa chini ndio huonewa. Muuzaji atakwambia koridora ni mfagizi, atakula mabaki ya wengine na uchafu. Koridora hali kinyesi. Na katika tangi linalolishwa vizuri mabaki hayafiki chini, kwa hiyo koridora anayesubiri mabaki hukonda huku ukimsifu kwa kusafisha. Mpe chakula chake, kidonge kinachozama, na ukitie jioni baada ya kuzima taa, wale wa katikati wakiwa wametulia. Mimi huvunja kidonge vipande viwili au vitatu na kuviweka mbalimbali, ili mmoja asikalie chote. Mchanga wake uwe laini, maana hutumbukiza pua humo na kuutoa kwa mashavu. Kokoto zenye ncha humharibu sharubu, na samaki asiye na sharubu hutafuta chakula kwa shida. Ukimwona akipanda ghafla mpaka juu na kurudi chini, usishtuke, anameza hewa. Akifanya hivyo mara nyingi kuliko kawaida, pima maji.

Chakula kimoja mwaka mzima ni uvivu. Chakula cha vipande au punje ndogo kiwe cha kila siku, na mara mbili kwa wiki badala yake weka kilichogandishwa: dafnia au artemia, ambao ni vijidudu vya majini, au mabuu mekundu. Kiyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, mwaga maji yale, ndipo ulishe. Mabuu mekundu yasiwe ya kila siku; tena baadhi ya watu huwashwa mikono au kupiga chafya wakiyagusa, kwa hiyo tumia kibano. Dafnia ni dawa nzuri kwa samaki mwenye tumbo lililojaa. Gapi na plati, ambao hupenda majani, wape kipande cha tango au njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, na kitoe baada ya saa chache.

Nunua kopo dogo. Chakula kikishafunguliwa hupoteza vitamini miezi inavyokwenda, na unyevu wa juu ya tangi, mahali ambapo kila mtu huweka kopo, hukiharibu haraka zaidi. Kiweke pakavu, kimefungwa.

Ikitokea mtoto au mgeni amemimina kopo, usisubiri maji yawe meupe. Zima kichujio kwanza chakula kisivutwe ndani, vuta kilichotua kwa mpira wa maji, washa kichujio, badilisha nusu ya maji, na kesho yake pima. Amonia ikionekana, badilisha tena na usilishe mpaka irudi 0. Katika wiki ya kawaida, robo ya maji inatosha, yakiwa na joto linalokaribiana na la tangi. Sponji likiziba, lisuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Ukisafiri

Samaki wazima wenye afya hukaa wiki nzima bila kulishwa. Vifaranga hawawezi, lakini tangi la madume matupu halina tatizo hilo. Vile vibonge vya likizo vinavyoyeyuka taratibu siviweki, kwa sababu vingi huyeyuka bila kuliwa na kuchafua maji. Safari ikizidi wiki, mwombe mtu aje kila baada ya siku mbili, na mwachie milo iliyokwisha pimwa, kila mmoja katika kikaratasi chake chenye jina la siku. Kopo lenyewe lifiche.