Kushona koseti isiyotanuka kiunoni

Koseti ni vazi la kubana kiuno, lenye mbavu za chuma, yaani vijiti vinavyopitishwa ndani ya kitambaa, na kamba mgongoni. Wengi huanza kwa kuulizia mbavu hizo wakidhani ndizo zinazobana kiuno. Hazibani. Kinachobana ni kitambaa na kamba ya mgongoni. Kazi ya mbavu ni kukisimamisha kitambaa kisijikunje. Basi hela itangulie kwenye kitambaa.

Tafuta pamba iliyofumwa kwa kushikana, isiyo na lastiki. Kitambaa kiitwacho kutili (coutil) kilibuniwa kwa kazi hii. Ukikikosa, drili nzito inafaa. Kivute kwa mikono miwili upande wa mtande (nyuzi za urefu), kisha wa mshindio (nyuzi za upana): upande usiolegea ndio uzunguke kiuno, kwa tabaka zote mbili za koseti, ya nje na ya ndani. Kipande kilichokatwa mshazari huisokota koseti nzima.

Vipimo sasa. Tuseme kiuno ni sentimita 76. Kwa koseti ya kwanza punguza 6, kisha toa 5 za mwanya wa mgongoni, inabaki 65. Ukigawa kwa vipande 12, kila kimoja kina wastani wa sentimita 5.4 kiunoni, halafu ongeza 1.5 ya mshono kila upande. Vya ubavuni vibebe mchongo mkubwa, vya mbele na nyuma vikae karibu wima. Kifuani na nyongani toa zile 5 za mwanya tu, kwa maana nyama inayosukumwa kutoka kiunoni lazima ipate pa kwenda.

Usikate kitambaa chenyewe kabla ya kushona ya majaribio kwa marekani nzito, yenye mbavu na kamba. Ifunge, kisha usome mwanya wa mgongoni. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kifua kimebanwa. Kinyume chake, nyonga. Ukifumbuka katikati, umepunguza kiuno kupita kiasi. Mistari miwili iliyonyooka ndiyo unayoitaka.

Katikati ya tabaka mbili, kwenye mstari wa kiuno, pitisha utepe imara wa sentimita 2.5 usiovutika, ushikwe na kila mshono. Koseti nyingi zinazotanuka baada ya kuvaliwa mara chache hazina utepe huu. Shona kwa hatua ya milimita 2, piga pasi kila mshono.

Mbavu za upana wa milimita 7 zinataka njia, yaani mfereji wa kushonwa zinamopita, ya milimita 9. Za springi hupinda pande zote, ziweke kwenye mishono iliyopinda. Bapa zikae mgongoni, moja kila upande wa safu ya matundu. Kila ubavu uwe mfupi kuliko njia yake kwa sentimita 1 hivi, la sivyo utatoboa ukingo.

Matundu usiyakate kwa mkasi. Toboa kwa msharasi ili nyuzi zisogee bila kukatika, halafu gonga pete za chuma zenye kikalio nyuma, yaani pete ya pili bapa inayoishika ya kwanza. Zisizo na kikalio hung'oka. Ziachane sentimita 2.5, zikaribiane kidogo kiunoni, mahali kamba inapovutwa zaidi. Kamba ya mita 6 hutosha, ikiachiwa vitanzi viwili vya kuvutia usawa wa kiuno.

Siku za kwanza ifunge kwa kulegeza, saa moja au mbili. Ganzi au pumzi fupi ikija, fungua.