Kuandaa Shughuli ya Mtaa Kwenye Bustani ya Umma: Anzia Getini

Wanaoandaa shughuli ya mtaa kwa kawaida huanza na jukwaa, spika na ratiba. Anza na geti. Mtu aliyekwama getini na kiti chake cha magurudumu hafaidi chochote kilichopangwa ndani, na jirani anayekuja kutembea pale kila jioni hapaswi kugeuzwa njiani eti kuna sherehe. Kibali kinakupa sehemu ya bustani kwa saa chache tu. Bustani yenyewe inabaki ya wote, hata saa hizo.

Pima kabla ya kuandika barua

Chukua futi ya mita 5, ubao mnyoofu wa sentimita 120, pimamaji na daftari. Ukimpata mkazi wa mtaa anayetumia kiti cha magurudumu, mwombe mzunguke pamoja siku hiyo ya kupima, wala usingoje siku ya shughuli. Yeye ataona mambo ambayo futi haiyaoni.

Getini, pima nafasi iliyo wazi geti likiwa limefunguliwa mpaka mwisho: kutoka kwenye uso wa geti hadi nguzo ya pili. Kosa la kila siku ni kupima nguzo kwa nguzo, halafu unene wa geti lenyewe unakula sentimita kadhaa. Nafasi isipungue sentimita 80. Angalia pia vyuma vilivyowekwa kuzuia pikipiki, maana mara nyingi huzuia na viti vya magurudumu. Kama vinafunguka kwa ufunguo, uliza mapema ufunguo uko kwa nani.

Njia ya ndani iwe na upana wa sentimita 90 kwa uchache. Pa kugeuzia kiti panahitaji duara la sentimita 150, na viti viwili vikipishana vinataka kama sentimita 180.

Mteremko unapimwa kwa ubao. Ulaze kwenye njia kufuata mwelekeo wa kutembea, weka pimamaji juu yake, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati. Sasa pima uwazi ulio chini ya ncha hiyo. Ukiwa sentimita 6 au pungufu, njia inafaa. Kati ya 6 na 10, hiyo ni rampu: kipande kifupi kinapitika, kirefu kinahitaji mahali pa kushika na pa kupumzikia. Ukizidi 10, tafuta njia nyingine, hata kama ni ndefu zaidi. Kisha geuza ubao ukatishe njia. Uwazi ukizidi sentimita 2.5, kiti kitakuwa kinavutwa pembeni muda wote na mikono ya anayekisukuma itachoka haraka.

Penye kizingiti, kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za rampu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaokota ubao wa sentimita 60 uliopo karibu, mwinuko unakuwa mkali, kiti kinabinuka kinyumenyume. Tumia plaiwudi nene, uikaze juu ya mbao tatu za urefu huohuo ili isipinde katikati, na upigilie ukingo wa sentimita 5 kila upande gurudumu lisichomoke.

Majani makavu yaliyokatwa yanapitika. Mchanga, kokoto na udongo uliolowa humeza magurudumu madogo ya mbele. Unaweza kutandika plaiwudi, ila ziunganishe vizuri, kwani ukingo wa sentimita 2 tu unatosha kumsimamisha mtu ghafla.

Ramani na barua

Chora bustani nzima kwenye karatasi moja: mageti, miti, mabomba, vyoo, taa, vyanzo vya umeme. Weka alama eneo unaloomba. Acha nje ya eneo hilo angalau geti moja na njia inayovuka bustani, ili asiyehudhuria apite bila kuulizwa swali. Acha pia ujia wa mita 4 kwa upana, na mita 4 kwenda juu bila matawi, kutoka barabarani hadi karibu na jukwaa, kwa ajili ya gari la wagonjwa na la zimamoto. Usiruhusu hata meza moja kuwekwa humo, kwa sababu meza moja huita nyingine.

Peleka barua wiki 6 hadi 8 kabla. Ofisi ya bustani huenda ikalazimika kuipitisha kwa polisi, zimamoto na watu wa usafi, na kila meza ina siku zake. Taja idadi ya watu, umeme, magari yatakayoingia, muziki, na atakayewajibika siku hiyo pamoja na namba yake ya simu. Kuhusu muda, usiombe saa za shughuli peke yake. Kama ni saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, omba kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku, vinginevyo utakuwa unafunga mahema huku mlinzi amesimama na kufuli. Subiri kibali cha maandishi, na siku ya shughuli uwe na nakala mkononi.

Idadi ya watu isiwe ya kubuni. Eneo la mita 20 kwa 30 lina mita za mraba 600. Toa theluthi moja kwa ajili ya jukwaa, mahema, miti na njia, zinabaki 400. Watu wawili waliosimama kwa kila mita ya mraba wako huru, kwa hiyo hapo wanaingia 800. Wakifika wanne au watano kwa mita moja, mtu hachagui tena aende wapi, anasukumwa, na hapo ndipo ajali zinapoanzia. Amua mapema nani atasimamisha kuingia idadi ikifika.

Mahema, umeme na sauti

Upepo hulinyanyua hema kabla hata watu hawajahisi baridi yake. Kwa hema la mita 3 kwa 3, funga dumu la lita 20 lililojaa maji, yaani kilo 20, kwenye kila mguu. Kamba ya kwanza ilikaze dumu kwenye mguu, sehemu ya chini. Ya pili ishuke kutoka kona ya juu ya fremu hadi dumuni. Dumu lililofungwa chini tu huacha paa likipinduka lenyewe. Usipigilie mambo (vigingi vya hema) ardhini kabla ya kuuliza mabomba ya maji yamepita wapi.

Waya wa umeme uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, hata kama unahitaji mita 5 tu. Ukiachwa umejikunja huku unabeba mzigo mkubwa hupata moto na kuyeyuka. Jenereta likae mbali na watu na mahema, upande ambao upepo unapeleka moshi nje.

Jukwaa liyape mgongo majumba. Kwenye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua takribani desibeli 6, ndiyo maana spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wasikilizaji ni bora kuliko mbili kubwa zinazolazimishwa kufika nyuma. Majirani wapewe taarifa wiki moja kabla: saa ya kuanza, saa ya kuzima muziki, na namba ya kupiga.

Gari lisiegeshwe chini ya mti. Mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi, na udongo ukishashindiliwa haupitishi tena maji wala hewa vizuri. Mti huanza kufa taratibu, hata baada ya shughuli kusahaulika.

Siku yenyewe

Saa moja kabla ya kuanza, watu wawili wazunguke na kiti cha magurudumu au toroli kutoka getini hadi chooni, bombani na mbele ya jukwaa. Chochote kinachowasimamisha kiondolewe hapohapo. Tenga nafasi za sentimita 90 kwa 120 kwa ajili ya viti vya magurudumu, kila moja ikiwa na kiti cha mwenzake pembeni. Zitawanye sehemu mbili au tatu zenye kuona vizuri. Ukizipanga nyuma, watu wakisimama kushangilia, walioketi humo wataona migongo tu.

Kwenye geti la wapita njia weka mtu mchangamfu na bango lenye maneno "Njia iko wazi". Bila hivyo wengi wataona umati na kugeuka wenyewe.

Piga picha za eneo kabla ya kushusha vitu na tena baada ya kusafisha, mkisimama palepale. Hesabu mambo za mahema zinapopigiliwa na mzihesabu tena zinapong'olewa. Ikipungua moja, itafuteni kabla ya giza, kwa sababu iliyobaki kwenye majani itachoma mguu wa mtoto au kurushwa na mashine ya kukatia majani. Jazeni mashimo udongo, mshindilie kwa mguu, kisha mrudishe funguo.