Kuotesha damu ya mgonjwa mwenye VVU: kuanzia sindano hadi kusoma S (dawa inampata bakteria) na R (bakteria ni sugu)

Mgonjwa wa CTC (kliniki ya VVU) kaletwa wodini na homa ya siku kadhaa. Malaria hana, kifua hakina la kuonyesha, haharishi. Mtu lazima ataagiza Widal, kipimo cha taifodi. Achana nayo, omba kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa zenye chakula cha bakteria tuone kama kuna anayekua. Kusini mwa Sahara, kwa mtu ambaye CD4 zake (seli za kinga) zimeshuka sana, mmoja wa bakteria wanaoongoza kuingia kwenye damu ni Salmonella isiyo ya taifodi, na mara nyingi huingia bila kuharisha hata siku moja. Wengine wa kuwafikiria ni Streptococcus pneumoniae, E. coli na Staphylococcus aureus.

Hatua ya 1: Jaza fomu kabla ya kushika sindano

Andika kama anameza septrini kila siku (kotrimoksazoli ya kujikinga), ameanza ARV lini, na antibiotiki gani amemeza karibuni. Ukiuliza "umetumia dawa?" atakujibu hapana, kwa sababu anawaza dawa za hospitali. Uliza hivi: "Kuna kidonge chochote ulichonunua duka la dawa?" Hapo ndipo amoksilini itatajwa. Septrini nayo ina maana yake: bakteria aliyeota kwenye damu ya mtu anayeimeza kila siku, uwezekano ni mkubwa kuwa ni sugu kwa dawa hiyo.

Hatua ya 2: Damu kwanza, dawa baadaye

Dozi moja ya seftriaksoni inatosha kuua kile tunachotaka kukiotesha. Lakini mgonjwa ambaye presha imeshuka hangoji majibu. Chukua damu, ni kazi ya dakika chache, kisha mpe dozi papo hapo.

Hatua ya 3: Ngozi

Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha klorheksidini, uache ikauke yenyewe. Sekunde 30 zinatosha. Kama mnatumia iodini, subiri dakika moja na nusu hadi mbili. Usipulizie, usipangusie pamba. Ninachokiona kila mara ni hiki: mtu anasafisha vizuri kabisa, halafu anarudisha kidole kuupapasa mshipa. Basi umeanza upya. Usivute damu kwenye kanula iliyokaa tangu jana. Na mpira wa chupa, hata ukiufunua sasa hivi, si tasa. Upanguse kwa spiriti.

Hatua ya 4: Ujazo

Hapa ndipo majibu mengi yanapotea, na mashine haina kosa. Kwa mtu mzima, kila chupa inataka mililita 8 hadi 10, na uchukue sehemu mbili tofauti, mkono wa kulia na wa kushoto. Bakteria kwenye damu huwa wachache mno. Mililita moja inaweza isiwe na hata mmoja. Chupa yenye mililita 3 ikirudi "hakuna kilichoota", jibu hilo halina uzito. Watoto wana chupa zao, na ujazo hufuata uzito wao.

Hatua ya 5: Usiweke kwenye friji

Baridi inaua baadhi ya bakteria tunaowatafuta. Iache kwenye joto la chumba, ifike maabara ndani ya saa 2.

Hatua ya 6: Chupa ikiita

Huku maabara tunaiweka kwenye mashine yenye nyuzi 35 hadi 37 kwa siku 5, ingawa vimelea wengi wa kweli hujitokeza ndani ya saa 48. Ikiita, yaani mashine ikionyesha kuna kinachoota, tunapaka rangi ya Gram ili tuwaone kwa hadubini, na kumpigia simu daktari wa zamu hapo hapo. Staphylococcus wa ngozi akiota chupa moja tu kati ya zote, kwa kawaida ametoka kwenye ngozi ya mgonjwa au vidole vyako. Tukiona hamira, fikiria fangasi aitwaye Cryptococcus. Na kumbuka: chupa za kawaida hazioteshi TB kwa siku 5. Zikitoka safi, bado unatakiwa kupima LAM ya mkojo, kipimo kinachotafuta chembe za bakteria wa TB.

Hatua ya 7: Kusoma majibu ya usikivu wa dawa

Tunapanda bakteria kwenye ajari ya Mueller-Hinton (chakula chao kwenye sahani), tunaweka diski zenye dawa, na baada ya saa 16 hadi 18 tunapima kwa rula kipenyo cha duara lisiloota kitu. Usilinganishe duara la dawa moja na la nyingine. Kila dawa ina mipaka yake, na kila bakteria pia. Kwa jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, siprofloksasini dhidi ya E. coli ni S kuanzia milimita 26. Dhidi ya Salmonella ni S kuanzia milimita 31. Anayesoma mstari wa E. coli atampa mgonjwa dawa isiyotosha.

Mtego mkubwa zaidi ni jentamisini. Kwenye sahani inampiga Salmonella vizuri, duara pana, macho yanafurahi. Mwilini haifanyi kazi, kwa sababu Salmonella hujificha ndani ya seli na jentamisini haipenyi huko inavyotakiwa. Sefaleksini na ndugu zake wa kizazi cha kwanza na cha pili ni hivyo hivyo. Maabara haitakiwi kuandika S kwa dawa hizi. Ikiandika, piga simu uulize.

Seftriaksoni ikitoka R, usiongeze dozi. Uliza kama bakteria anazalisha ESBL (kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni na ndugu zake), na mshirikishe bingwa kabla ya kugusa meropenemu, antibiotiki nzito zaidi.

Hatua ya 8: Rudi kitandani

Kama majibu yanaruhusu dawa nyembamba zaidi, yaani inayolenga aina chache za bakteria, badilisha leo, usisubiri chupa za seftriaksoni ziishe. Siprofloksasini isimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia. Zaidi ya hapo, dawa za kundi lake huipunguza makali TB bila kuiponya, kwa hiyo chukua makohozi kabla ya kuanza. Salmonella akirudi kwenye damu mara ya pili, huyo mgonjwa yuko hatua ya 4 ya VVU kwa mpangilio wa WHO. Agiza kipimo cha wingi wa virusi siku hiyo hiyo, na ukae naye mzungumze anavyomeza ARV zake.