Mpapai wa nyumbani kwa mbegu: otesha Oktoba, hamisha Desemba

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Mche wa mpapai hukaa kwenye kiriba (mfuko mdogo wa kuoteshea miche) wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mbegu ziingie udongoni katikati ya Oktoba. Ukingoja mvua ndipo uoteshe, upepo wa Juni utaukuta mti bado mchanga.

Hatua ya 1: Mbegu. Acha papai la duara. Hilo limetoka kwenye mti jike, na karibu nusu ya mbegu zake zinaweza kuwa madume. Chukua refu, lililoiva vizuri: mara nyingi mti wake una maua ya jinsia mbili, na madume hutokea kwa nadra.

Kila mbegu ina kifuko cha utelezi kinachoizuia kuota. Wengi hukwama hapa, kisha wanalaumu mbegu. Zisugue kwenye chujio pamoja na mchanga wa korongoni, suuza, tupa zinazoelea, anika kivulini siku 2 au 3. Si juu ya bati!

Hatua ya 2: Kiriba. Changanya ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Samadi yenye joto bado itaunguza mizizi. Weka mbegu 2 kwa kiriba, kina cha sentimita 1, funika kwa kivuli chepesi cha nyasi. Zitaota baada ya wiki 2 hadi 4. Mche ukianguka huku shina limesinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi: punguza maji, punguza kivuli.

Hatua ya 3: Shimo. Sentimita 60 kila upande, ndoo 1 ya samadi, nafasi ya mita 2.5 hadi 3. Kwenye udongo mweusi wa mbuga inua tuta la sentimita 30, maana mizizi ikilowa maji siku 2 tu huanza kuoza. Hamisha jioni, bila kuvunja udongo wa mizizi wala kuzika shina.

Kama huijui asili ya mbegu, weka miche 3 kwa shimo. Baada ya miezi 4 hadi 6 itachanua. Dume huning'iniza maua mengi kwenye vikonyo virefu. Ua la jike hukaa karibu na shina, na ndani yake kuna kitunda kichanga. Ng'oa madume, bakiza moja kama miti yote iliyobaki ni majike (la jirani nalo husaidia).

Hatua ya 4: Kiangazi. Zungushia miiba, mbuzi hawana adabu. Tandaza mabua ya mtama, yasiguse shina, yasije yakaleta mchwa. Mwagilia lita 20 kila siku ya tatu. Majani kulegea adhuhuri ni kawaida. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, gusa udongo kwanza. Mkavu, ongeza maji. Ukiwa umelowa, acha kabisa.