Namna ya kulishughulikia sanduku la karatasi za utemi

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Tabora. Tangu nistaafu, kazi ninayoipenda ni kuzisaidia koo za watemi (machifu) na wanangwa (wakuu wa vijiji chini yao) wa Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi hapa Tabora, kupanga maandishi ya wazee wao. Ukoo wako ukiwa na sanduku la namna hiyo, fanya hivi.

Siku ya kwanza usilifungue. Siku hiyo kaa na mwenye funguo, ambaye katika nyumba nyingi nilizofika ni bibi. Mwamkie, kisha umuulize nani alimkabidhi sanduku, lilikaa wapi kabla yake, na kipi humo hakionyeshwi kwa mtu wa nje. Yamo mambo ya tambiko. Akisema bahasha hii iache, iache. Andika majibu yake daftarini kwa maneno yake mwenyewe.

Muulize pia majina ya kina mama. Karatasi za kikoloni zimejaa fulani bin fulani, lakini katika himaya nyingi za Unyamwezi zamani utemi ulifuata upande wa dada wa mtemi, mpwa akakalia kiti. Urithi wa baba kwa mwana ulikuja kushika baadaye. Usipojua mama wa kila mshika cheo ni nani, barua za mjomba na mpwa wanaogombea kiti hutazielewa. Na Unyanyembe imewahi kutawaliwa na mwanamke: mtemi Isike alipokufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani, aliyekalia kiti ni Nyaso.

Siku ya kufungua, tandika mkeka safi barazani, kivulini, pasipo upepo. Nawa mikono uikaushe. Toa karatasi moja moja na uziache katika mpangilio uleule uliozikuta, kwa sababu mzee aliyeweka stakabadhi ya kodi pamoja na hukumu ya shamba alikuwa na maana yake. Andika namba nyuma kwa penseli, pembeni, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino usiisogeze. Selotepu, gundi na laminesheni huua karatasi, hata kama mwenye stesheneri anakuhakikishia vinginevyo. Pini zenye kutu zitoe taratibu.

Piga picha pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, namba ikiwa kando na rula chini yake.

Kujua umri wa karatasi ndiko kunakonifurahisha kuliko yote. Nyingi hazina tarehe, au zina ya Kiislamu. Kwa tarehe ya Kiislamu, gawanya mwaka kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka huo, kisha ongeza 622. Mwaka 1310 unakupa 1892. Kwa hakika ulianza Julai 1892 ukaishia Julai 1893, hivyo kifo cha Isike kimo ndani yake. Pasipo tarehe kabisa, tazama fedha. Rupia zenye heller, yaani senti zake, ni za Wajerumani, kuanzia 1904. Shilingi ni za Waingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wajerumani waliondolewa Tabora Septemba 1916, Wabelgiji wakaingia kwa kipindi kifupi, basi mhuri wa Kijerumani hauwezi kuwa wa baada ya hapo. Madaftari ya baraza na hazina ya mtemi mengi ni ya baada ya sheria ya 1926 iliyowapa watemi mamlaka chini ya Mwingereza, na yanakoma karibu na 1963, uchifu ulipofutwa.

Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zisome kwa sauti pamoja na mwalimu wa madrasa na mzee wa ukoo. Mwalimu anajua herufi, mzee anajua majina. Waandishi wa zamani mara nyingi waliandika b mahali pa p, f mahali pa v, na n ya "nd" wakaiacha. Mtemi Fundikira anaweza kukujia kama Fudikira, na ni mzee atakayemtambua kwanza.

Ukimaliza, funga kila fungu kwa karatasi nyeupe safi, na sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Dawa ya kupuliza isiguse karatasi. Picha ziwekwe katika nyumba mbili tofauti za ukoo. Mkikubaliana, nakala ipelekeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Humo yamo majalada ya Wajerumani na Waingereza mnayoweza kulinganisha na ya kwenu.

Atakuja mtu na pesa mkononi akitaka "barua moja tu yenye mhuri". Mwonyesheni picha, mumpe chai. Barua isitoke. Ikitoka yenye mhuri, zilizobaki zitakosa ushahidi siku kesi ya mpaka itakapofika mahakamani, na kesi za namna hiyo nimeziona nikiwa karani.